Nani Humwita Mtu Fundi? Kazi na Vyeti katika Mitaa ya Eastlands

Eastlands ilijengwa kwa ajili ya kazi. Wakoloni walipoigawa Nairobi walijiwekea vilima na miti upande wa magharibi, na huku mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonasa magurudumu mvua inaponyesha, wakaweka vitanda vya wafanyakazi. Muthurwa na Makongeni zilikuwa za Reli. Kaloleni na Ziwani zilijengwa na manispaa katika miaka ya 1940. Mtu hakutafuta nyumba kwanza. Alipata kazi, kazi ikampa chumba, na siku kazi ilipokwisha akarudisha ufunguo. Ndiyo maana mgeni aliyeshuka barabara ya Landhies na sanduku lake aliulizwa kabla ya yote yuko kazi gani. Akishajibu, kila mtu alijua atalala mtaa upi.

Mimi ni binti wa Makongeni. Baba yangu alitoka Maragoli katikati ya miaka ya 1950, akaingia karakana ya Reli kama kibarua wa kubeba makaa, na akastaafu akiwa fundi wa boila. Mimi nilisoma historia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, nikafundisha shule za upili za huku huku Eastlands mpaka nikastaafu. Ndugu yangu anayenifuata alimaliza kidato cha nne, akaenda Kamukunji kufua mabati, na hadi leo yuko huko. Tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, na kila mmoja wetu akapata kazi anayoipenda.

Wazazi wa wanafunzi wangu wamekuwa wakiniuliza, kwa wasiwasi ninaouelewa, kama mtoto asiyefika chuo kikuu ataweza kuwa mtu. Huwajibu kwa kuwasimulia historia ya mitaa hii. Katika miaka yote ya mji huu, watu wa Eastlands hawakupungukiwa na ujuzi. Walichopigania ni haki ya ujuzi wao kutambuliwa. Aliyeipata haki hiyo, awe na digrii au hana, ndiye aliyeifurahia kazi yake.

Karatasi ya kwanza ya kazi mjini haikuandikwa ili kumtambua mtu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vile vile ambavyo wapagazi wake walituachia jina la Kariokor. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, na wengi walikitia katika kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Mwajiri wa pili aliposoma mshahara aliotoa wa kwanza, hakuona sababu ya kuongeza. Aliyeondoka bila kutiwa saini alihesabiwa mtoro, na polisi wakamtafuta. Mtu angeweza kuwa seremala ambaye milango yake haipitishi hata mwanga wa taa, lakini kipande chake kilitaja tu bwana wake alikuwa nani na alimlipa kiasi gani.

Reli ilifika Nairobi 1899, ikahamishia hapa makao yake makuu na karakana zake, na ikaleta ngazi ya kazi iliyopangwa kwa rangi. Juu walikaa wahandisi na wasimamizi Wazungu. Katikati walikuwa mafundi wa Kihindi, hasa Makalasinga waliokuwa wahunzi na maseremala wa kusifika. Chini walibaki Waafrika wa kubeba, kusukuma na kufagia. Hata baada ya Vita vya Pili, serikali ilishikilia kanuni kwamba asiye Mzungu akifika cheo sawa na Mzungu, alipwe sehemu tatu kwa tano ya mshahara wa mwenzake.

Baba alijifunza kazi akiwa mshika taa. Fundi wake, Kalasinga mzee asiyependa maneno mengi, aliingia kwenye tumbo la boila na nyundo, naye baba akamshikia taa na kumtazama mikono. Kuanzia 1955 Reli ilipokea vichwa 34 vya treni vya mvuke aina ya Garratt, vya daraja la 59, vilivyoundwa Manchester, Uingereza, na kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimojawapo, Mount Gelai, kingali kinaonekana katika Makumbusho ya Reli. Baba alitupeleka kuviona mimi na ndugu yangu tukiwa wadogo, akatuonyesha safu za ribiti moja moja, kama mwalimu anayeonyesha herufi ubaoni. Nilimwuliza kama alikuwa na cheti cha kazi ile. Akanijibu, "Mama, mshono ukivuja, mvuke hausomi cheti."

Kwa watu wengi wa kizazi chake, hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya kazi. Vyeo viligawanywa kwa rangi, na mabadiliko ya sheria yalikuja polepole. Lakini ndani ya karakana kila mtu alijua ni nani anayeitwa boila inapokataa. Wazee wa Makongeni walipokaa nje ya nyumba zao jioni, hawakutajana kwa gredi za mshahara. Walisema fulani ni mtu wa breki, fulani ni mtu wa magurudumu, fulani ukimpa chuma kilichopinda atakurudishia kimenyooka.

Wanawake waliingia mjini kwa mlango mwingine. Sheria ya kipande iliwahusu wanaume, na vyumba vya Reli vilipimwa kwa mwanamume mmoja aliyemwacha mke wake mashambani. Kwa hiyo mwanamke aliyekuja Nairobi hakuwa na karatasi wala kitanda alichotengewa. Katika kijiji cha Pangani, na baadaye Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake hao walijijengea nyumba za Kiswahili za udongo na miti zenye ukumbi katikati, wakapangisha vyumba, wakapika na kufanya biashara, na sehemu kubwa ya wenye nyumba wakawa ni wao. Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Wanawake wale walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kumiliki nyumba Nairobi, na hakuna shule iliyowafundisha kuweka hesabu za kodi.

Mama yangu alikuja mjini baada ya kizazi hicho, na kazi yake ilikuwa cherehani. Alishona sare za shule barazani kwetu. Alichonifundisha ni kwamba sifa ya mkono wako hujengwa na watu wasiokujua: mzazi wa Jericho akimwona mtoto wa Maringo amevaa kaptura ambayo haijafumuka mwaka mzima, atauliza ilishonwa na nani. Mama hakuwahi kubandika kibao chochote.

Haki ya kutambuliwa ilidaiwa kwa sauti pia Kaloleni, ule mtaa wa manispaa. Ukumbi wake wa kijamii bado upo, na kila nilipofundisha historia ya Kenya niliwapeleka wanafunzi wakauone kwa macho yao. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano uliofanyika pale, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mtu huyu hakuwa na digrii. Alifika Kenya akiwa kijana mwaka 1927, akamaliza sekondari hapa Nairobi, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, na 1935 akaongoza chama cha wafanyakazi kilichowapokea Wahindi na Waafrika pamoja. Mei 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mwezi mmoja tu baada ya hoja yake ya Kaloleni alikuwa amekamatwa, Nairobi ikaingia kwenye mgomo mkubwa, naye akakaa kizuizini hadi 1961. Kwa wanafunzi wangu, mpiga chapa aliyejifunza kazi kwa kupanga herufi za risasi alikuwa ushahidi kwamba akili kubwa ya siasa inaweza kukulia kwenye meza ya kazi.

Kisha kuna Tom Mboya, ambaye bila yeye habari za kazi na elimu katika mji huu hazikamiliki. Aliacha masomo Mang'u mwishoni mwa 1947 kwa kukosa karo ya kuendelea, akajifunza ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Katika kitabu chake *Freedom and After* anasimulia siku alipokuwa peke yake ofisini, akaingia mwanamke Mzungu aliyeleta maziwa yapimwe. Mama yule alitazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Mbele yake alisimama mkaguzi aliyefuzu, mwenye uwezo wa kuyapima maziwa yale, na hakumwona.

Mboya aligeuza dharau hiyo kuwa kazi ya maisha. Aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, akasoma mwaka mmoja habari za uhusiano wa kazi, akarudi bila digrii. Na mtu huyo huyo ndiye aliyetafuta pesa Marekani na kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda vyuo vikuu. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, miongoni mwa waliosafiri chini ya mpango huo alikuwa Wangari Maathai.

Huwa nasisitiza pande zote mbili za jambo hili. Mboya aliiheshimu digrii kwa sababu alijua nchi mpya itahitaji madaktari, wahandisi na walimu, na kwamba wakoloni walikuwa wamewafungia Waafrika mlango huo makusudi. Lakini hakusubiri digrii ndipo aanze kazi. Mikataba ya mishahara aliyoipigania iliwafaa wafagiaji na madereva ambao hawangewahi kupanda ndege ile.

Uhuru ulipokuja, digrii ikawa ufunguo wa nyumba. Ukitaka kuona jinsi cheti kilivyobadilisha maisha ya Eastlands, fuata barabara ya Jogoo kwenda mashariki. Unapita Makongeni, unapita Ofafa, iliyopewa jina la diwani aliyeuawa wakati wa Hali ya Hatari, halafu unafika Buruburu. Ujenzi wake ulianza 1973 kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, nyumba zikauzwa kwa mikopo ya muda mrefu kwa watu wenye hati ya mshahara wa kila mwezi. Kwa mara ya kwanza kijana aliyezaliwa katika chumba cha Muthurwa aliweza kuwa na jiko lake, bafu lake na geti lake, mradi awe na cheti cha kumfikisha kwenye ofisi ya benki. Baba alilielewa hilo vizuri. Aliponiona nimeitwa chuo kikuu alinunua soda kwa ajili ya safu nzima ya nyumba zetu, na sijapata kuiona siku nyingine aliyocheka namna ile.

Wakati huo huo, kando ya Mto Nairobi, palikuwa na chuo kingine kisichokuwa na ukuta. Ufundi wa mabati ulipita kutoka mkono hadi mkono: Wahindi waliouleta mjini wakafungua maduka, wakaajiri wasaidizi Waafrika, na wasaidizi wakajifunza kwa kutazama, kama baba alivyojifunza kwa kushika taa. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilipowafanya Wahindi wengi kuondoka, ujuzi ulikuwa umeshavuka. Mafundi wa Kiafrika walijikusanya Kamukunji na Gikomba, Shauri Moyo na Burma, na baadaye Kariobangi, wakafanya kazi chini ya jua bila paa, bila umeme, na mara nyingi bila ruhusa.

Ndugu yangu aliingia Kamukunji mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati treni za mvuke zilipokuwa zimetoa nafasi kwa dizeli na ujuzi wa baba ukibaki bila boila. Alilipa ada ndogo kwa fundi aliyempokea, akaanza na kazi ambayo kila mwanafunzi wa pale huanza nayo: kufungua mapipa ya mafuta. Unalipasua pipa kwa tindo na nyundo, unachoma mafuta yaliyoganda ndani, kisha unalinyoosha bati mpaka lilale kama meza. Fuawe yao, tangu wakati ule hadi leo, ni kipande cha reli kilicholazwa chini. Mwana wa fundi wa Reli akawa anapigia nyundo juu ya reli, na baba alipokuja kumtembelea akainama akakigusa kile chuma, akakisifu kwamba hakina ufa.

Baada ya mapipa alifundishwa kuchora, na hapo ndipo wengi hukwama. Sanduku la mwanafunzi wa bweni, lile la bati linalonunuliwa kwa wingi kila Januari shule zinapofunguliwa, huanza likiwa michoro kwenye bati bapa. Lazima fundi aone akilini wapi pa kukata, wapi pa kukunja, na kona ipi itaingia chini ya nyingine, kabla hajagusa mkasi. Akikosea upana wa kidole, mfuniko hautafunga na bati limeharibika. Kisha huja kukunja kingo zisimkate mtoto mkono, kufinya matuta ya kuipa nguvu pande zake, kupiga ribiti, kufunga bawaba na komeo, na rangi. Kuna mafundi wa Kamukunji wasioweza kuieleza jiometri wanayoitumia, lakini wape kipimo cha karai, cha wilbaro au cha chombo cha kukaangia chipsi, na watakichora bila kubahatisha. Hakuna mtihani wa mwisho wa mwezi. Mteja akirudi na jirani yake, umefaulu.

Kwa miaka mingi wakuu wa mji waliona pale uchafu wa kufagiwa. Askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, walikuja, vibanda vikavunjwa, vifaa vikachukuliwa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake mashuhuri kuhusu ajira Kenya, iliyosema kwamba watu kama hawa hawakuwa wavivu wala wasio na kazi. Walikuwa wakizalisha na kujiajiri, na walichohitaji ni kuachwa wafanye kazi na kusaidiwa. Ripoti hiyo ilisomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima kabla ya Kamukunji kupata paa moja. Novemba 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona watu wakifua chuma juani, akaamuru wajengewe vibanda. Ndugu yangu alikuwa kwenye umati ule. Anasema hawakushangilia paa tu, kwa sababu jua walikuwa wamelizoea. Walishangilia kuwa kiongozi wa nchi alishika karai lililotoka mikononi mwao na kuuliza limetengenezwaje. Mwaka 1986 serikali ilitoa waraka wa sera uliowataja mafundi hao katika mipango ya uchumi, na mwaka 1992 ukafuata mwingine ulioandikwa mahsusi kwa ajili ya biashara ndogo na jua kali, yaani ufundi huo wa juani.

Miaka hiyo hiyo, jirani tu na Kamukunji, kulitokea jambo ambalo kwangu ndilo mfano bora zaidi wa kisomo na mkono kukutana. Jiko la makaa la bati tupu, ambalo husemekana liliingia na wajenzi wa reli, lilikuwa linakula makaa na kuwachoma watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi, wafinyanzi na mashirika ya nishati walichukua wazo la jiko la Thailand lenye kikombe cha udongo ndani, wakalileta kwa mafundi wa Shauri Moyo. Wenye digrii walipima joto na moshi. Mafundi walijua ni bati gani la kuokotwa litakalostahimili, na ni umbo gani linaloweza kutengenezwa haraka kwa nyundo na kuuzwa kwa bei ya mama wa Majengo. Kutokana na mashauriano yao likapatikana lile jiko la kiuno chembamba ambalo leo liko jikoni kote nchini, na ambalo limeenea Tanzania, Uganda na mbali zaidi. Mhandisi peke yake angebaki na mchoro. Fundi peke yake angeendelea na jiko la zamani. Kila mmoja alimtambua mwenzake kuwa anajua kitu, na kazi ikaenda.

Mimi nilianza kufundisha wakati mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulipokuwa mchanga. Nia yake ilikuwa njema: kila mtoto ajue kushika randa, sindano na jembe pamoja na kalamu. Lakini shule nyingi za mitaa yetu hazikuwa na karakana, na wazazi waliombwa kuchanga mbao na misumari ambayo hawakuwa nayo. Masomo ya ufundi yakawa ya kukariri majina ya vifaa kutoka ubaoni. Hapo ndipo nilipoanza kuwapeleka wanafunzi wangu kwa ndugu yangu. Kijana aliyekuwa wa mwisho katika hesabu alisimama mbele ya bati, akauliza swali moja kuhusu pembe, na ndugu yangu akaweka nyundo chini ili amjibu vizuri. Nimefundisha maelfu ya vipindi, na furaha yangu kubwa kazini ilikuwa kumwona mtoto akigundua kwamba kichwa chake kinafanya kazi.

Miaka ya 1990 iliwaonyesha wengi kwamba hata cheti hakina uhakika. Masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yaliifanya serikali kupunguza wafanyakazi, mashirika ya umma yakafuata, na watu wenye suti wakarudi nyumbani na barua. Vyuo vikuu viliongezeka na kazi za ofisini hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Baba alistaafu akarudisha ufunguo wa Makongeni kama sheria ilivyotaka, na nyumba aliyohamia, kwenye kiwanja cha Kayole, ilijengwa kwa fedha za masanduku ya bati pamoja na mkopo wa mwalimu. Tuliweka mawe sawasawa, mimi na ndugu yangu.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alihitimu uchumi, akakanyaga lami ya mji huu na bahasha yake mpaka soli ikaisha. Alipokuja kuniona nilimpeleka Kamukunji. Alianza kwa kuwawekea mafundi hesabu, kwa kuwa wengi waliuza bila kujua kama bei inarudisha gharama ya bati. Aliwaonyesha kwa kalamu kwamba wilbaro lililowapa sifa ndilo lililowatia hasara. Leo anapokea oda kutoka kaunti mbalimbali, na amejifunza kupiga ribiti kwa mkono wake. Hajaitupa digrii yake. Anaitumia kila siku, mahali ambapo hakuna aliyemwambia ingehitajika.

Kuna jambo moja ambalo bado tunalidai. Mteja wa Majengo anajua ndugu yangu ni fundi, lakini kwa miaka mingi kamati ya zabuni haikumjua. Mitihani ya gredi ya serikali imekuwepo kwa muda mrefu, gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na imewafungulia wengi mlango, ila wengine waliikosa kwa sababu ya ada, lugha au kukosa siku ya kuacha kazi. Sheria ya 2014 iliunda mamlaka ya kusimamia mfumo mmoja wa vyeti nchini, na miaka ya karibuni umewekwa utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa: fundi anaulizwa, anatazamwa akifanya kazi, na akitosha anapewa cheti bila kurudishwa shuleni. Ndugu yangu alipimwa namna hiyo akiwa na mvi. Alirudi ameridhika, akasema mpimaji alikuwa mtu anayejua bati.

Neno hilo ndilo ninalotaka wazazi na wakuu wa serikali walisikie. Cheti kina thamani pale anayekitoa anapoijua kazi. Kwa hiyo mafundi waliozeeka Kamukunji, Kariobangi na Gikomba waketi kwenye meza za kupimia, walipwe kama watahini wanavyolipwa, na vyuo vya ufundi viwaite wakafundishe. Ada ya kupimwa iwe ile ambayo kijana wa Dandora anaweza kuilipa kwa mapato ya wiki, na upimaji ufanywe kwa Kiswahili kwa anayetaka.

Kwa vijana, maneno yangu ni machache. Ukiitwa chuo kikuu, nenda, soma kwa bidii, na usimdharau anayekutengenezea meza unayosomea. Usipoitwa, tafuta mtu anayeijua kazi vizuri kuliko wenzake, umshikie taa mpaka mikono yako ielewe, uweke hesabu zako, kisha ukadai kupimwa na kupewa karatasi yako, kwa sababu umeistahili. Mitaa hii ilijengwa ili tuwe mikono ya watu wengine. Wazee wetu waliifanya mikono hiyo iwe na majina, na kuyaandika majina hayo mahali yanapostahili ni kazi ya kizazi chetu.